Jiwe Limetoka, Sifa Apewe Nani? Mitishamba ya Mawe ya Figo Mbele ya Sayansi

Shemeji yangu ni dereva wa lori, anapiga njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Kwenye dashibodi ana kijichupa cheupe cha vidonge ambacho ndani hakina kidonge hata kimoja. Mna jiwe. Ukilimimina kiganjani unaona kitu cha rangi ya kahawia, kikubwa kama punje ya mtama, chenye vijimiba. Ukikipitishia ncha ya kidole, kinakwaruza.

Lilimshika akiwa kwenye foleni ya mpakani. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, akagaagaa chini karibu na tairi huku wenzake wakidhani kalishwa sumu. Alichomwa sindano ya diklofenaki ya kutuliza maumivu, akapelekwa Mbeya kupiga ultrasaundi, akaambiwa ana jiwe la milimita 4 limekwama kwenye mrija unaotoka kwenye figo kwenda kwenye kibofu. Akapewa vidonge vya tamsulosini, vya kulegeza mrija huo, na kuambiwa anywe maji. Aliporudi nyumbani mama yake akamchemshia ndevu za mahindi, birika zima kila siku. Jirani akaleta malimau. Siku ya 17 akiwa chooni akasikia kitu kikigonga ndoo: ti!

Ukimuuliza leo ni nini kilichomponya, hapepesi macho: ndevu za mahindi. Mimi ninayeandika mambo ya afya kwa kazi nimebishana naye mara nyingi, na kila mara nagundua kwamba swali lenyewe tunaliuliza vibaya. Tunauliza “hii dawa inatibu mawe au haitibu?” kana kwamba mawe ni ugonjwa mmoja na kutibu ni kazi moja.

Mkojo ni maji yaliyobeba chumvichumvi nyingi. Maji yakipungua, chumvi hukosa nafasi ya kuyeyuka na kuanza kuganda, kama ule ukoko mweupe unaobaki chini ya birika. Kwa watu wengi ganda la kwanza hujishika kwenye ncha za ndani za figo, mahali ambapo tayari pana baka dogo la kalsiamu. Daktari wa Marekani aitwaye Alexander Randall aliyaeleza mabaka hayo mwaka 1937, na mpaka leo yanaitwa kwa jina lake. Hapo jiwe hukua taratibu kwa miezi au miaka, halina kelele, hadi siku linapong’oka na kuingia kwenye mrija.

Karibu mawe 8 kati ya 10 yana kalsiamu, na mengi kati ya hayo ni kalsiamu iliyoungana na oksaleti, kemikali iliyomo pia kwenye mboga na matunda kadhaa. Kama 1 kati ya 10 ni la asidi ya yuriki, ile ile ya ugonjwa wa jongo. Kuna mawe ya maambukizi, yanayojengwa na bakteria wanaoishi kwenye mkojo, ambayo yanaweza kujaza figo yote mfano wa pembe za swala. Na kuna mawe ya sistini, ya kurithi, ambayo ni adimu.

Tofauti hizi si za darasani tu. Jiwe la asidi ya yuriki huota pale mkojo unapokuwa mchachu sana. Ukiupunguzia uchachu hadi pH ya 6.5 au zaidi kidogo, jiwe huyeyuka kweli. Madaktari hulifanya jambo hilo kwa sitreti ya potasiamu, chumvi ya kupunguza uchachu, bila kisu. Jiwe la oksaleti ya kalsiamu halina tabia hiyo. Hakuna kinywaji, cha hospitali wala cha porini, kilichothibitika kuliyeyusha likiwa ndani ya mwili wa binadamu. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kunywa kikombe kile kile, mmoja jiwe likaisha na mwingine lisitikisike, na wote wakasema kweli.

Neno “kuyeyusha” ndilo linaloandikwa kwenye mabango na chupa, lakini mtishamba unaweza kuwa na kazi nyingine: kuzuia punje zisishikamane, kulegeza mrija ili jiwe lipite, kuongeza mkojo, au kupoza maumivu tu wakati mwili unajitibu wenyewe. Huko kujitibu kwa mwili kuna nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio la wagonjwa zaidi ya 1,100 waliokuwa na jiwe lisilozidi milimita 10 kwenye mrija. Kundi moja lilipewa tamsulosini, jingine nifedipini, dawa ya presha ambayo nayo hulegeza misuli, la tatu kidonge bandia kisicho na dawa ndani. Baada ya wiki 4, asilimia 81 ya waliotumia tamsulosini hawakuhitaji kufanyiwa jambo lolote zaidi. Wa nifedipini, asilimia 80. Wa kidonge bandia, asilimia 80.

Nilimsomea shemeji takwimu hizo. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, “Sasa hata vidonge vyenu vya hospitali si kitu?” Ana haki ya kuuliza. Tafiti nyingine zinaonyesha tamsulosini husaidia mawe makubwa kidogo, ya zaidi ya milimita 5, yaliyofika chini ya mrija. Kwa jiwe kama lake, la milimita 4, faida yake ni ndogo au haipo. Jiwe dogo kwa kawaida lina safari yake. Chochote utakachokuwa unakunywa siku litakapotoka, hicho ndicho kitapewa sifa. Ndiyo maana ushuhuda wa mtu mmoja, hata awe mkweli kiasi gani, hauwezi kuamua jambo hili, na ndiyo maana panahitajika kundi la kulinganisha nalo.

Mimea inayodaiwa kuvunja mawe imeenea dunia nzima, na majina yake yanachekesha kwa kufanana. Wabrazili wana quebra-pedra, “vunja jiwe”. Waperu wanauita mmea huo huo chanca piedra, maana ni ile ile. Wahindi kwa Kisanskriti wana pashanabheda, “mpasua jiwe”, jina ambalo limebandikwa mimea kadhaa isiyo na undugu, kila jimbo na wake. Wazungu wa zamani walikuwa na Saxifraga, mvunja mwamba, kwa kuwa unaota kwenye nyufa za mawe, wakaona kama unapasua mwamba basi utapasua na jiwe la tumboni. Jina zuri limeuza dawa nyingi kuliko ushahidi.

Huo wa Brazili na Peru, Phyllanthus niruri, ndio uliochunguzwa zaidi kwa binadamu, kwa hiyo unastahili tuukalie kidogo. Ni kigugu cha kimo cha goti, kina vijani vidogo kama vya mkwaju na vitunda vya kijani vinavyoning’inia chini ya kitawi. Jamaa zake wa karibu huota wenyewe uani kwetu baada ya mvua, na watu huwang’oa kama magugu. Mwaka 1999 watafiti wa São Paulo walionyesha maabara kwamba maji ya mmea huu huzuia chembe za oksaleti zisimezwe na seli za figo. Mwaka 2004 wakaujaribu kwa wagonjwa 69 kwa miezi 3. Kwa wagonjwa wote kwa jumla mkojo haukubadilika kwa kiasi cha kutajwa, ila wale waliokuwa wakitoa kalsiamu nyingi kupita kiasi, kalsiamu yao ilishuka. Kisha mwaka 2006 Waitalia wakachukua wagonjwa 150 ambao mawe yao yalikuwa yamevunjwa kwa mawimbi ya mshtuko hospitalini, wakawapa baadhi mmea huo ili kuona kama vipande vitatoka vizuri zaidi. Waliobaki bila jiwe walikuwa asilimia 93.5 kwa waliotumia mmea na 83.3 kwa wasiotumia, tofauti ambayo kitakwimu ingeweza kuwa ya bahati tu. Lakini kwa mawe yaliyokuwa kwenye vifuko vya chini vya figo, mahali ambapo vipande hukwama kama mchanga kwenye kona ya ndoo, ilikuwa 93.7 dhidi ya 70.8, na hiyo si rahisi kuiita bahati.

Angalia vizuri kilichothibitishwa hapo. Jiwe lilivunjwa na mashine. Mmea ulisaidia, pengine, kufagia. Hakuna aliyeonyesha kwamba “vunja jiwe” huvunja jiwe. Hata hivyo, kwa mtishamba, hiyo ni rekodi nzuri, na mimi nisingemcheka daktari anayemruhusu mgonjwa wake autumie baada ya mashine.

Hadithi ninayoipenda zaidi ni ya Misri. Huko kuna mmea wa jamii ya bizari uitwao khella, ambao kwa karne nyingi Wamisri wamekuwa wakichemsha mbegu zake kwa ajili ya maumivu ya mawe. Wasomaji walioko Oman na nchi za Ghuba huenda wameuona kwa mwuza dawa za Kiarabu. Miaka ya 1940 mtaalamu wa dawa Gleb von Anrep, aliyekuwa akifundisha Cairo, alikuwa na fundi wa maabara mwenye maumivu ya kifua yanayotokana na moyo. Fundi huyo alipatwa na mawe, akanywa khella kama wanavyofanya watu wa kwao, na maumivu ya kifua yakapungua. Anrep akaifuatilia. Ndani ya mmea mlikuwa na kemikali iitwayo khelini, inayolegeza misuli laini: ile ya mishipa ya moyo, na pia ile inayobana mrija wa mkojo. Kutoka kwenye khelini wakemia wakatengeneza jamaa zake, na katika ukoo huo wakatoka amiodaroni, dawa ya mapigo ya moyo yaliyovurugika ambayo hadi leo hutumika kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi, na kromolini, dawa ya kuzuia pumu. Kwa hiyo wazee wa Misri hawakuwa wakibahatisha. Maelezo ya kulegeza mrija yana mantiki. Ila mmea wenyewe, kama dawa ya mawe, ushahidi wake mkubwa bado ni wa panya.

Na panya hao ndio mtego wenyewe. Habari nyingi za mtandaoni zinazosema “sayansi imethibitisha” zinategemea jaribio la aina moja. Panya wananyweshwa maji yaliyotiwa ethilini glaikoli, ile kemikali inayochanganywa na maji ya rejeta ya gari, kwa wiki 4 hivi. Ini la panya huigeuza kuwa oksaleti na figo zake hujaa chembe. Kisha wengine hupewa mmea, na chembe zao huhesabiwa kuwa pungufu. Kwa njia hii mizizi ya mlonge imefaulu. Kinongo, kile kijani chenye vichwa vyeupe vya pamba kinachoota kando ya njia pwani, kimefaulu. Mbigili, zile zinazotoboa tairi za baiskeli, nazo zimefaulu. Kwa kweli ni mimea michache inayosikika kufeli. Panya aliyelishwa sumu ya rejeta kwa mwezi si dereva aliyekaa miaka 15 anajibana asinywe maji ili asisimame njiani. Matokeo ya namna hiyo yanasema “hapa panafaa kuchunguzwa”, hayasemi “kunywa”.

Ndevu za mahindi za mama mkwe wa dada yangu je? Zinatumika kuanzia Mexico hadi China, na watafiti wa Hispania waliwahi kuwapa panya, wakapima kila kitu kwenye mkojo wao. Kalsiamu haikusogea, sitreti haikusogea, pH haikusogea. Kilichoongezeka ni mkojo.

Kuongezeka kwa mkojo, hata hivyo, si jambo dogo. Mwaka 1996 watafiti wa Parma, Italia, walichapisha matokeo ya kuwafuata kwa miaka 5 watu 199 waliokuwa wametoa jiwe lao la kwanza. Nusu waliambiwa wanywe maji hadi mkojo wao wa siku nzima ufike lita 2. Nusu waliachwa kama walivyo. Jiwe lilirudi kwa asilimia 12 ya wanywaji maji na asilimia 27 ya wengine. Hakuna mtishamba ulio na jaribio la kulinganishwa na hilo. Birika la mama lilikuwa na lita 2 na nusu. Kama mwanawe angeambiwa “kunywa maji”, angekunywa siku mbili akaacha. Kwa kuwa ilikuwa dawa, na imechemshwa na mama, alimaliza kila siku. Sijui kama kuna daktari anayeweza kuandika cheti chenye nguvu kama hiyo.

Limau na ndimu ziko daraja la juu kidogo. Zina sitreti, ambayo mkojoni hujishikiza kwenye kalsiamu kabla oksaleti haijaifikia. Watu wengi wenye mawe wana upungufu wa sitreti. Mwaka 1996 Wamarekani waliwapa wagonjwa 12 wa aina hiyo mililita 120 za maji ya limau, yaliyochanganywa na maji hadi lita 2, kila siku. Sitreti yao ikapanda zaidi ya mara mbili. Lakini kupanda kwa kipimo si sawa na jiwe kutorudi. Mwaka 2022 Waitalia wakaleta jaribio kubwa zaidi: wagonjwa 203, nusu wakiongezewa mililita 60 za maji ya limau mara 2 kwa siku. Ndani ya miaka 2 jiwe lilirudi kwa 21 kati ya 100 wa limau, na kwa 32 kati ya 103 wengine. Inaelekea kuwa faida, ila haikufika kiwango cha kuitwa uthibitisho. Na wengi walishindwa kuendelea. Limau kila siku linachosha tumbo na meno. Mimi naliweka limau kwenye jagi la maji bila kusita, na silitegemei.

Limau hilo hilo likichanganywa na mafuta ya zeituni linakuwa kitu kingine kabisa. “Kunywa nusu kikombe usiku, asubuhi mawe yatatoka chooni.” Yanatoka kweli, ya kijani, laini. Mwaka 2005 jarida la Lancet liliandika juu ya mgonjwa aliyeyaleta hospitalini, yakapimwa: ni sabuni, iliyopikwa tumboni kutokana na mafuta yenyewe. Halafu huyo alikuwa anatibu mawe ya nyongo. Jiwe la figo halina njia ya kupita kwenye haja kubwa, na mafuta uliyokunywa hayafiki kwenye figo yakiwa mafuta.

Sasa upande unaoniogopesha. Birimbi wanajulikana na kila aliyekula achari ya Unguja, Tanga au Mombasa. Wawili watatu kwenye mchuzi wa samaki hawana shida kwa mtu mwenye figo nzima. Lakini birimbi amejaa oksaleti. Huko Kerala, India, ambako watu walizoea kukamua juisi yake nzito kushusha lehemu, madaktari waliripoti mwaka 2013 wagonjwa 10 ambao figo zilisimama ghafla baada ya kuinywa. 7 walihitaji kusafishwa damu kwa mashine. Hawakuwa wametumia dawa ya ajabu, ni tunda la uani. Ndugu yake, karambola, ana pia sumu ya neva ambayo mtu mwenye figo dhaifu hawezi kuitoa, na anaweza kupata kifafa na kufa. Juisi za kijani za mchicha mbichi au spinachi zinazouzwa kama “usafi wa figo” zina tatizo la oksaleti hiyo hiyo. Mchicha uchemshwe, maji yamwagwe, uliwe na dagaa au maziwa. Ndiyo, maziwa. Kalsiamu ya chakulani huikamata oksaleti tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Wale wale watafiti wa Parma walionyesha mwaka 2002 kwamba wanaume waliokula kalsiamu ya kawaida wakipunguza chumvi na nyama walirudiwa na mawe karibu nusu ya wale walionyimwa kalsiamu. Ushauri wa “acha maziwa” bado unatembea mitaani, na wakati mwingine unatoka kwa watu waliovaa koti jeupe.

Kuna na mimea inayoua figo moja kwa moja. Ubelgiji, mapema miaka ya 1990, zaidi ya wanawake 100 waliharibikiwa figo kwa vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene, kwa sababu ya mmea mmoja wa jamii ya Aristolochia uliochanganywa kimakosa. Majina ya mimea miwili yalikaribiana, basi. Mtu anayekuuzia unga usio na jina kwenye mfuko wa nailoni anakuomba umwamini kuliko walivyoaminiwa wale wa vidonge vya Ubelgiji.

Jambo ambalo nalirudia kwa kila anayenipigia simu ni hili: maumivu kuisha hakumaanishi jiwe limetoka. Jiwe likiziba mrija kwa muda, figo hupunguza kazi, shinikizo hushuka, maumivu hutulia, na mtu hushukuru dawa aliyokunywa huku figo inakufa kimya kimya. Kama hukuliona jiwe kwa macho, rudi kapige picha baada ya wiki chache. Na ukiwa na jiwe pamoja na homa au kutetemeka, au mkojo umekatika, au una figo moja, au una ujauzito, usichemshe kitu. Nenda hospitali usiku huo huo. Mkojo wenye usaha uliofungiwa nyuma ya jiwe unaweza kuua mtu kwa siku moja.

Anayesubiri jiwe dogo litoke akojoe kupitia chujio la chai, ambalo baadaye halirudi jikoni. Punje ikipatikana ipelekwe maabara ya hospitali kubwa ijulikane ni ya nini, maana hapo ndipo mtu anajua kama anahitaji sitreti, kupunguza nyama, au kutibu bakteria.

La shemeji nililiomba miezi kadhaa likapimwe. Alikataa, akisema ni kumbukumbu yake. Mwishowe alikubali litolewe kipande. Oksaleti ya kalsiamu, kama vijimiba vyake vilivyokuwa vimeshatuambia. Siku hizi nyuma ya kiti chake kuna dumu la lita 5 lenye maji ya rangi ya majani makavu, ndevu za mahindi na vipande vya limau vikielea. Akifika Makambako linakuwa limebaki robo. Sijamkataza.